Zimwi Lililochomwa Bichi

Paukwa!

Pakawa!

Nimebeba nini kichwani?

Chungu!

Kina nini ndani?

Funua tuone!

Basi nafunua. Sogeeni. Na wewe uliyenuna pale mlangoni, sogea pia, maana hadithi ya leo ni ya hasira, na wenye hasira ndio wenye hadithi.

Zamani, kabla milima haijazaliwa, palikuwa na nchi ikiitwa Ubapani. Nchi ile ilikuwa bapa kama ungo. Hakuna kilima, hakuna bonde, hakuna ziwa. Mama akisimama mlangoni kwake anamwona mtoto wake aliyekwenda kuchunga mbuzi mpaka mbuzi wanarudi, maana hakukuwa na kitu cha kumficha. Mvua ikinyesha, maji hayakujua pa kwenda. Yalikaa tu yakitazamana na watu mpaka jua liyanywe.

Watu wa Ubapani walikuwa wafinyanzi. Walichimba udongo kwenye shimo moja kubwa, wakaukanda, wakafinyanga, wakaanika, wakachoma. Chungu cha Ubapani ukikigonga kwa kidole kinalia ngiii. Watu walitoka mbali kuvifuata vyungu vile.

Sasa, walikuwa na desturi yao. Walisema udongo unasikia. Ukiukanda huku umekasirika, hasira inaingia ndani, na chungu kitapasuka motoni. Kwa hiyo kila mtu kabla ya kukanda alikata tonge la udongo, akalisogeza mdomoni, akalinong'oneza hasira zake zote. Mume wangu hivi. Wifi yangu vile. Mama mkwe ndiyo usiseme. Akimaliza analitemea mate, puu, analitupa shimoni. Halafu anarudi kazini uso umelainika, na akikutana na yule yule wifi yake anamwambia, umependeza leo, wifi.

Desturi hiyo waliiita kutema. Asubuhi wakikutana hawaulizani umeamkaje.

"Umetema?"

"Nimetema."

"Haya, kanda."

Ah, walikuwa wapole watu wale. Hamjapata kuona watu wapole vile. Mwanamke mmoja, Kadzo, alimwibia jirani yake jogoo, akamchinja, akamla, na manyoya akayatupa uani kweupe. Jirani alitabasamu, akaenda shimoni, akatema. Mwanamume alikula chakula cha watoto wake, mkewe akatabasamu, akaenda shimoni, akatema. Msichana aliozwa kwa mzee asiyemtaka, akatabasamu, akaenda shimoni, akatema. Wote wanatabasamu, na shimo linapokea.

Mmoja tu hakutema. Aliitwa Mboza, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, jina lake Sikudhani.

Mboza ukimkosea, anakuja mpaka mlangoni kwako. Anasimama mkono kiunoni, anakupasha kosa lako kuanzia utosini hadi kisiginoni, kwa sauti inayofika nyumba ya pili na ya tatu. Akimaliza anavuta pumzi, anakuuliza, "Una chumvi? Yangu imeisha." Unampa chumvi, anakwenda zake, na kwake yeye yamekwisha.

Watu walimchukia kwa hilo. Wakimwona anakuja wanasema, huyo, Mdomo wa Mtungi. Chungu chake kikipasuka motoni walitazamana, wakasema, mnaona, hasira hiyo. Chungu cha Kadzo kikipasuka walisema kuni zilikuwa mbichi.

Na Sikudhani aliona haya. Watoto wenzake walimwigiza mama yake, mkono kiunoni, kidevu juu, wakaanguka kwa kicheko. Siku moja Mboza akaenda kwa Kadzo kumpasha kuhusu yule jogoo. Na jogoo hakuwa wake. Alikuwa wa jirani, ila jirani hataki kusema, basi Mboza akamsemea. Watu wote wakatoka nje kutazama. Sikudhani akajificha nyuma ya mitungi, akatamani ardhi immeze.

Kesho yake akaenda shimoni peke yake. Akakata tonge. Akalinong'oneza, "Mama yangu ananiaibisha. Natamani ningekuwa na mama mwingine." Akalitemea mate, puu, akalitupa.

Na ardhi ikammeza.

Maana, wajukuu zangu, mnafikiri matonge yale yalikwenda wapi? Yalikaa. Tonge juu ya tonge, mate juu ya mate, hasira juu ya hasira, ya bibi, ya mama, ya binti. Maji ya mvua yaliyokosa pa kwenda yaliingia humo yakayakanda. Likawa tumbo kabla halijawa kichwa. Likawa mikono kabla halijawa macho. Lilikuwa limebakiza kitu kimoja tu, ulimi. Tonge la Sikudhani ndilo likawa ulimi.

Zimwi likafumbua mdomo, likammeza aliyelipa ulimi, likatoka shimoni.

Lilitembea likidondosha tope. Tumbo lake lilikuwa kama mtungi mkubwa wenye mdomo kwa juu, na macho yalikuwa matobo mawili ya kidole. Likasema:

"Nina njaa. Mlinilisha wenyewe. Nilisheni."

Likamchukua mtoto wa kwanza aliyekuwa akicheza uwanjani, likamtia tumboni. Likamchukua wa pili. Likamchukua wa tatu. Na mahali pa kukimbilia hapakuwepo, maana nchi ilikuwa bapa. Ukikimbia asubuhi, jioni bado linakuona mgongo.

Na kila lilipopita lilisema, na kila liliposema, sauti ilikuwa ya mtu. Mara ikatoka sauti ya yule jirani wa Kadzo: "Kadzo kala jogoo wangu!" Mara sauti ya bibi aliyekwisha kufa: "Wifi yangu ana roho ya nyoka." Mara sauti ya yule msichana aliyeozwa, ambaye sasa ni mama mtu mzima: "Simtaki, simtaki, simtaki." Watu wakaziba masikio. Kila mmoja alisikia neno alilodhani limekufa.

Mama waliochukuliwa watoto wakamkimbilia Bibi Nyamvula, mkuu wa wafinyanzi, bibi kizee mpole kuliko wapole wote. Bibi Nyamvula akawaambia, temeni, wanangu, mtulie. Basi wakakata matonge, wakalia ndani yake uchungu wao wote, wakatema, puu, wakayatupa.

Zimwi likayaokota, likayala. Likaongezeka kimo likafika paa la nyumba. Wakatema tena. Likaokota, likala, likafika juu ya miti. Wakatema tena. Likaokota, likala, likaziba jua.

"Nina njaa. Mlinilisha wenyewe. Nilisheni."

Mboza alikuwa amekwenda mbali kuchanja kuni. Aliliona zimwi tangu huko, akatupa mzigo, akaja mbio. Alipofika akawakuta wanawake wamekaa chini, matonge mikononi, nyuso zimelainika. Akauliza mwanangu yuko wapi. Mmoja akaonyesha tumbo la zimwi kwa kidevu.

Bibi Nyamvula akamnyooshea tonge. "Chukua, mwanangu. Tema. Hasira haimrudishi mtoto."

Mboza hakulichukua. Akapiga goti kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nimekuheshimu tangu niko mgongoni kwa mama, na leo nakuheshimu vile vile, ila nitasema. Kitu hiki hakikutoka porini. Mmekifinyanga nyinyi. Mmekaa mnachekeana mchana, na hasira zenu mmezitupa mahali watoto wanapopita. Sasa kinawala, na bado mnakipa. Mna wazimu?"

"Mboza, punguza sauti."

"Sipunguzi. Lisikilize basi lenyewe."

Na kweli, zimwi lilikuwa limegeuka. Likafumbua mdomo, ikatoka sauti nyembamba ya kizee, na wote waliijua. Ilikuwa ya Bibi Nyamvula. "Nimechoka kuwa mpole. Nimechoka. Nimechoka."

Bibi Nyamvula akaliachia tonge likaanguka.

Mboza akanyanyuka, akaliendea zimwi. Mkono kiunoni, kidevu juu, kama kawaida yake. Ila hakuwahi kuwa na hasira kama ile. Alikuwa na hasira na zimwi, na Nyamvula, na Kadzo, na tabasamu lao, na udongo wenyewe. Alipofika miguuni pake, zimwi likainama likamwambia kwa sauti ya mtoto:

"Mama yangu ananiaibisha. Natamani ningekuwa na mama mwingine."

Hapo Mboza alisimama. Mkono ukamtoka kiunoni.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Sikudhani, uko hai?"

Kutoka ndani ya tumbo mtoto akagonga. Bu. Bu. Bu.

Mboza akasikiliza. Mwanamke yule alikuwa na moyo uliopasuka, lakini masikio yake yalikuwa ya mfinyanzi. Chungu kilichoiva ukikigonga kinalia ngiii. Hiki kinalia bu. Akajua. Kitu hiki ni kibichi. Ni tope tupu, kimejaa maji toka nje hadi ndani.

Mkono ukarudi kiunoni.

"Wewe zimwi," akasema, "unajivuna nini? Wewe ni bichi."

"Mimi ni mkubwa," likasema zimwi.

"Mkubwa, lakini bichi. Masika yakija utayeyuka urudi shimoni. Mbuzi watakukanyaga. Kuku watakuchakura. Watoto watakuchezea."

Zimwi likajitazama mikono. Tope lilikuwa likidondoka, do, do, do. Maana watu wa Ubapani walilitemea hasira tu. Hakuna aliyelitemea ufundi. Lilijua nani kamchukia nani tangu enzi za mababu, lakini halikujua jinsi chungu kinavyotengenezwa.

"Wewe mfinyanzi," likasema. "Niivishe. Niwe mgumu, nisiyeyuke kamwe."

"Naweza. Ila chungu hakichomwi kikiwa na kitu ndani. Kitapasuka."

Zimwi halikumwamini. Likawageukia wengine, likauliza kwa sauti zao wenyewe. Eti ni kweli? Jirani wa Kadzo akasema kweli. Kadzo akasema kweli. Bibi Nyamvula naye akasema kweli, chungu chenye kitu ndani kinapasuka. Na ni kweli tupu, hata leo, muulizeni mfinyanzi yeyote.

Basi zimwi likainama, likatapika watoto, mmoja mmoja, wamejaa tope puani na masikioni, mama zao wakiwadaka. Wakatoka wote. Sikudhani hakutoka.

"Na huyo?" akauliza Mboza.

"Huyu ndiye aliyenipa ulimi. Huyu nabaki naye. Ni mdogo tu."

Kama kuna wakati Mboza alitaka kupiga kelele ni wakati ule. Akazimeza. Akageuka, akajifuta mikono kwenye kanga kama mtu aliyemaliza shughuli, akaanza kuondoka.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Sichomi chungu chenye kitu ndani halafu nije kulaumiwa. Nakutakia masika mema."

Akapiga hatua. Zimwi likajitazama tope linavyodondoka. Akapiga hatua tena. Likamwita. Akazidi kwenda. Zimwi likakohoa, likamtema Sikudhani, akaanguka kwenye nyasi kama mtoto aliyezaliwa muda ule.

Mboza hakumkimbilia. Alitaka, wajukuu zangu, mwili wote ulitaka. Lakini angemkimbilia, zimwi lingejua. Akasema tu, "Haya, leteni kuni."

Kuni zikaletwa. Na Mboza akawaambia wanawake, leo ni marufuku kutema. Mwenye neno alilete pamoja na kuni, amwambie mwenyewe usoni. Mwanzoni walitazama vidole vya miguu. Halafu jirani wa Kadzo akaja na gogo begani, akasimama mbele ya Kadzo.

"Ulimla jogoo wangu."

"Nilimla," akasema Kadzo.

"Na manyoya ukayatupa uani nikayaona."

"Niliyatupa. Nilikuona mjinga, unanichekea."

"Mjinga ni mama yako," akasema jirani, akalitupa gogo, likalia kwa kishindo. Halafu wote wawili wakashangaa, maana walikuwa bado wamesimama, na hakuna aliyekufa.

Basi kukawa na sauti Ubapani siku hiyo. Mke akamwambia mume. Binti akamwambia baba aliyemuoza. Kila neno na gogo lake, kila gogo na neno lake, mpaka kuni zikawa lundo la kulitosha zimwi lile. Na zimwi halikuongezeka hata kidogo, maana hapakuwa na kilichotupwa chini. Likaketi katikati ya kuni, likajipanga vizuri kama bibi harusi.

Sasa, kila mmoja pale, hata mtoto mwenye jino moja, alijua kwamba chungu huanikwa kwanza. Huanikwa kivulini, kisha juani, mpaka unyevu uishe, ndipo kionje moto. Bibi Nyamvula alikuwa mfinyanzi toka utotoni, na ulimi wake ukamponyoka.

"Lakini Mboza, mbona hujali..."

Mboza akamtazama. Mwanamke yule maisha yake yote hakuwahi kunyamazia neno, na siku hiyo alinyamaza, midomo imefungwa kama mlango wenye komeo.

"Hujali nini?" likauliza zimwi. "Alitaka kusema nini huyo?"

"Muulize mwenyewe," akasema Mboza.

Bibi Nyamvula akageukia kuni. "Nilisema hujali kuni, Mboza. Hizi hazitoshi. Ongezeni."

Wakaongeza. Mboza akawaamuru wote washuke shimoni, kule kulikotoka zimwi, maana shimo sasa lilikuwa tupu na ndipo mahali pekee pa chini katika nchi nzima. Akamsukuma Sikudhani naye ashuke. Akawasha moto.

Moto ukashika. Zimwi likasema, "Nasikia joto."

"Ndivyo kuiva kunavyoanza," akasema Mboza.

Moto ukapanda. Zimwi likasema, "Nasikia maji yananichemka tumboni."

"Ndivyo kuiva kunavyoendelea."

Moto ukaziba jua. Zimwi likaanza kutoa mvuke masikioni na machoni, na sauti zote zikalitoka pamoja, za mabibi na za mama na za mabinti. "Mboza, kuna neno hukuniambia."

Mboza akaweka mkono kiunoni.

"Lipo. Sasa nakwambia usoni, kama ninavyowaambia wote. Chungu huanikwa kwanza."

Akaruka shimoni.

PWAAA.

Zimwi likapasuka. Vigae vyake vikaruka nchi nzima. Kigae cha mgongo kikaangukia upande wa kaskazini, kikasimama wima, ndio ule ukuta wa mwamba mwekundu ambao mbuzi hawaupandi. Vya mabega vikaanguka mashariki na magharibi, vikawa milima. Vya mbavu vikawa vilima vilivyopangana. Vidogo vidogo vikawa mawe yanayokukata nyayo ukienda peku. Na pale lilipoketi pakadidimia, pakawa shimo pana lisilo na mwisho. Maji ya mvua, ambayo siku zote hayakujua pa kwenda, yakakimbilia huko. Ndio ziwa. Ukingoni kuna chemchemi za moto, maana makaa ya kuni zile yapo chini mpaka leo.

Watu wakapanda kutoka shimoni, wakaikuta nchi wasiyoijua. Kwa mara ya kwanza palikuwa na juu, na palikuwa na chini, na palikuwa na upande usioonekana.

Mboza alipanda wa mwisho. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni, na sikio lile halikusikia tena. Akamwona Sikudhani amesimama, tope limemkaukia usoni, macho chini.

"Kuna kitu ulisema shimoni," akasema Mboza.

"Sikusema kitu, mama."

"Nilikisikia kwa zimwi. Sasa nataka nikisikie kwako."

Sikudhani akanong'ona.

"Siku zote wanasema mimi nina kelele," akasema Mboza. "Leo piga wewe. Sikio hili limekufa."

Mtoto akanyanyua uso. Machozi yakapasua tope mashavuni. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote, mbele ya Kadzo, mbele ya Nyamvula, mbele ya wote:

"Mama, unaniaibisha!"

Na milima ikajibu. Unaniaibisha. Aibisha. Bisha.

Watu walishtuka, wakashikana. Hawakuwahi kusikia mwangwi katika nchi yao. Lakini vigae vile vilikuwa vimeumbwa kwa maneno ya watu, na vilipoiva vikabaki na tabia moja tu, kurudisha. Haviweki tena. Ukivipa neno, vinakurudishia papo hapo, uondoke nalo.

Mboza akasubiri mpaka milima ikanyamaza. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Nimesikia. Na mimi nina langu. Ulikwenda kuliambia shimo neno la kuniambia mimi. Hilo limeniuma kuliko sikio."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Nyumbani kuna chumvi?"

"Ipo kidogo."

"Basi twende tukapike."

Akamshika mkono, wakaenda, na nyuma yao watu wa Ubapani walikuwa bado wanagombana juu ya jogoo, kwa sauti, na milima mipya ikiwajibu.

Nami hapo ndipo hadithi yangu ninapoitua. Chungu kimebaki kitupu, nimekifudikiza. Kinachofundishwa ni hiki: mtu akikukasirisha, mwambie yeye mwenyewe, usoni, kisha yaishe. Ukimchekea na kwenda kuificha hasira yako mahali, haifi. Inakaa pale pale, inamsubiri mtoto wa mtu.

Haya, wewe uliyenuna mlangoni tangu mchana. Nani kakufanya nini? Simama useme, sote tunasikiliza, halafu uniletee chumvi.